Mlinzi Anayemsaidia Adui: Protini ya Kinga na Kansa ya Mapafu ya Wavutaji Sigara

Mwiba ukimchoma mtu kidoleni, punde mahali pale hupata joto, huvimba na kuuma. Hayo hayaletwi na mwiba peke yake. Chembe nyeupe za damu zikigundua kwamba mwili umeingiliwa, hutoa protini zinazosafiri kama matarishi kuziita chembe nyingine zije kupigana. Mmoja wa matarishi hao ni interlukini-1 beta. Mwiba ukishatolewa, tarishi hunyamaza na kidole hupona.

Sasa tutazame mapafu ya mvutaji wa sigara. Kwake yeye mwiba hautolewi, bali huchomwa upya kila siku. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 miongoni mwake hujulikana kuwa husababisha kansa. Baadhi yake, kama benzopirini, husababisha dhara kwa kujishikiza kwenye DNA ya chembe hai za mapafu, zikaharibu maagizo yanayotawala kugawanyika kwa chembe hizo.

Dhara hilo la kwanza limefahamika kwa muda mrefu. La pili halijulikani sana. Chembe nyeupe zilizomo mapafuni, zikichokozwa na moshi bila kukoma, huendelea kutoa interlukini-1 beta. Protini hiyo husaidia mishipa midogo ya damu kuchipua na chembe mpya kuongezeka, mambo yanayofaa sana katika kuponya jeraha. Lakini chembe iliyokwisha kuharibika nayo hunufaika: hupata lishe na nafasi ya kuzaana.

Ushahidi mmoja wa jambo hili kwa binadamu ulijitokeza katika utafiti wa ugonjwa wa moyo. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio liitwalo CANTOS, lililohusisha watu 10,061 waliowahi kupatwa na shambulio la moyo. Walijaribiwa dawa ya kanakinumabu, ambayo huizuia interlukini-1 beta isifanye kazi. Miongoni mwa waliopewa miligramu 300 kila baada ya miezi mitatu, wagonjwa wapya wa kansa ya mapafu walikuwa pungufu kwa takriban theluthi mbili, wakilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Wengi wa waliougua kansa hiyo walikuwa wavutaji, au waliwahi kuvuta.

Je, tiba imepatikana? La. Majaribio ya CANOPY, yaliyotoa matokeo mwaka 2021 na 2022, yaliwapa dawa hiyo watu waliokwisha kupatwa na kansa ya mapafu, lakini hayakufikia lengo lake. Yaelekea protini hii husaidia zaidi kuuwasha moto. Moto ukishakolea, kumwondoa aliyeupuliza hakuuzimi. Tena, katika CANTOS vifo vilivyotokana na maambukizo viliongezeka kidogo kwa waliotumia dawa, kwani mlinzi akifungwa mikono, maadui wengine hupenya.

Fundisho kwa mwanafunzi wa bayolojia ni kwamba protini hii si mbaya kwa asili yake. Ubaya umo katika kuilazimisha ifanye kazi bila kupumzika. Mvutaji akiacha sigara, baada ya miaka 10 hatari yake ya kufa kwa kansa ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Asiyeanza kabisa hana mwiba wa kutoa.