Herufi Iliyomezwa na Njia ya Mkato

Wapolandi waliokuwa wakiandika kwenye jukwaa la Medium walikutana na jambo la ajabu. Herufi zote za lugha yao ziliandikika isipokuwa moja. Ą ilitokea, ł ilitokea, ż nayo ilitokea. Ś iligoma, hata ubonyeze mara ngapi. Mwaka 2015 Marcin Wichary, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Medium, alieleza hadharani kilichokuwa kikiimeza herufi hiyo. Kwangu mimi, kisa chake kingestahili kufundishwa popote vijana wanapojifunza kutengeneza programu.

Kipolandi kina herufi tisa zenye alama za ziada, na kibodi wanazotumia wengi nchini humo ni za umbo la Kimarekani, zisizo na vitufe vya herufi hizo. Njia iliyopatikana ni kitufe cha Alt cha kulia, kinachoitwa AltGr katika kibodi nyingi za Ulaya: kishikilie, bonyeza S, unapata ś. Ila Windows huihesabu AltGr kuwa ni Ctrl na Alt zilizobonyezwa pamoja, ili hata mwenye kibodi isiyo na AltGr asikose herufi zake. Medium kwa upande wao walikuwa na mfumo unaohifadhi maandishi wenyewe. Watu waliozoea kubonyeza Ctrl+S walikuwa wakifunguliwa dirisha la kivinjari la kuhifadhi ukurasa, jambo la kukera, kwa hiyo wahandisi wakaizuia Ctrl+S. Msimbo wao uliuliza kama Ctrl imebonyezwa na kama S imebonyezwa. Haukuuliza kama na Alt ipo. Mpolandi akitaka ś, programu iliona Ctrl, ikaona S, ikatupilia mbali vyote.

Chanzo cha migongano ya namna hii kiko chini zaidi: kibodi yenyewe haijui herufi. Kila kitufe hutuma namba ya mahali kilipo. Katika kibodi za USB, kitufe cha kwanza kushoto kwenye safu ya juu ya herufi hutuma 20. Kibodi ya Kimarekani imechapwa Q juu ya kitufe hicho, ya Kifaransa imechapwa A, lakini namba inayoingia kwenye kompyuta ni ileile. Mfumo endeshi ndio unaoamua 20 isomwe vipi, kwa kufuata mpangilio uliochaguliwa.

Kwa hiyo anayebuni njia ya mkato ana uamuzi wa kufanya, hata asipoujua: afuate herufi au afuate mahali. Z, X, C na V za kutendua, kukata, kunakili na kubandika zilienea kupitia kompyuta za Apple, Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984. Zinafaa kwa sababu zimepangana chini kushoto, mkono mmoja unazifikia zote. Mjerumani lakini ana Y pale ilipo Z ya Mmarekani, na Mfaransa ana Z katika safu ya juu. Herufi wamebaki nayo, ujirani wa vitufe wameukosa. Kwenye michezo ni kinyume: W, A, S na D za kumwongoza mchezaji zina maana kwa umbo linalofanywa na vitufe hivyo tu, ndiyo maana Mfaransa hutumia Z, Q, S na D.

Mpaka huu kati ya mipangilio ya kibodi unapita hata kwetu. Bujumbura na Goma zimerithi AZERTY, mpangilio wa Kifaransa. Dar es Salaam na Nairobi hutumia QWERTY, mpangilio wa umbo la Kimarekani. Karani wa Bujumbura akikalia kompyuta ya Kigoma, akataka kuchagua maandishi yote kwa Ctrl+A, kidole chake kinaangukia Q, na Ctrl+Q katika LibreOffice hufunga programu nzima. Akitaka kutendua, kidole kinaangukia W, na hati inajifunga. Hata Kiswahili, ambacho hakiweki alama juu ya irabu, hakijasalimika. Ukichagua mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa, ritifaa husubiri herufi inayofuata ili iungane nayo, na ng'ombe anatokea ngómbe. Dawa ni kubonyeza nafasi baada ya ritifaa, kila mara, jambo la kuchosha kwa anayeandika kurasa nyingi.

Wanaoumia zaidi ni waandika programu wenyewe. Kwenye kibodi ya Kijerumani, mkwaju (/) ni Shift+7 na mabano ya mraba yanahitaji AltGr. Njia ya mkato ya Ctrl na bano inamlazimu Mjerumani kubonyeza Ctrl juu ya AltGr, ambayo tayari ndani yake ina Ctrl.

Naamini herufi ya lugha ya mtu ina haki ya kwanza juu ya kitufe, na njia ya mkato ichukue kinachobaki. Nyenzo zipo. Vivinjari vya leo humpa mwandika programu taarifa zote mbili, herufi iliyokusudiwa na mahali palipobonyezwa, achague kwa kazi yake. Apple wana mpangilio wa Dvorak, unaopanga herufi tofauti na QWERTY, lakini unaogeuka QWERTY pale tu Command inaposhikiliwa. Na Raymond Chen wa Microsoft alishaandika mwaka 2004 kwamba Ctrl+Alt isitumike kwa njia za mkato, kwa sababu hiyohiyo ya AltGr, miaka kumi na moja kabla ya Wichary kusimulia habari za ś.