Tiba ya Homoni za Kike: Mambo ya Kutarajia Mwanzoni

Mwanamke aliyebadili jinsia anapofika kliniki kuanza tiba ya homoni, swali lake la kwanza mara nyingi ni hili: mabadiliko yataonekana lini? Ni swali la haki, kwa kuwa wengi huwa wamesubiri miaka mingi kabla ya kuketi mbele ya daktari. Jibu lake linahitaji kutolewa kwa makini, kwani madhara mengi yanayoweza kuepukika katika tiba hii huanzia kwenye haraka.

Tiba hii huwahusu watu waliozaliwa na maumbile ya kiume ilhali wanajitambua kuwa wanawake. Katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hiyo katika kundi la magonjwa ya akili.

Kwa kawaida dawa huwa za aina mbili. Ya kwanza ni estradioli, homoni ya kike, inayotolewa kwa vidonge, kwa sindano, au kwa kupakwa au kubandikwa kwenye ngozi. Ya pili hupunguza nguvu ya testosteroni, homoni ya kiume; mfano wake ni spironolaktoni au saiproteroni.

Katika miezi 1 hadi 3 ya mwanzo, hamu ya tendo la ndoa hupungua, na uume huacha polepole kusimama wenyewe alfajiri. Kati ya miezi 3 na 6, ngozi hulainika, misuli huanza kupungua, mafuta ya mwili huanza kuhamia nyongani na mapajani, na korodani husinyaa. Katika kipindi hichohicho kijivimbe chenye maumivu huchipuka chini ya chuchu; hiyo ni dalili ya kawaida ya titi kuanza kukua. Matiti huchukua miaka 2 hadi 3 kufikia ukubwa wake wa mwisho, na ukubwa huo hauwezi kutabiriwa. Nywele za mwilini hupungua kasi ya kuota baada ya miezi 6 hadi 12.

Yapo mambo ambayo dawa haiyabadilishi. Sauti iliyokwisha kuwa nzito hairudi kuwa nyembamba; huhitaji mazoezi ya sauti. Ndevu hazitoweki kwa homoni pekee. Mifupa, urefu na kikoromeo hubaki vilivyo. Tezi dume pia hubaki, na bado yahitaji uangalizi kadiri umri unavyosonga.

Suala la uzazi lizungumzwe kabla ya dozi ya kwanza. Tiba hupunguza utengenezaji wa mbegu za kiume, na hakuna hakika kwamba uwezo huo utarejea dawa zikisitishwa. Anayetamani kupata watoto wa damu yake ashauriwe kuhifadhi mbegu mapema, pale huduma hiyo inapopatikana. Hata hivyo, homoni si njia ya uzazi wa mpango: mwenzi mwenye uwezo wa kushika mimba anaweza kuipata.

Mabadiliko yakichelewa, wapo wanaoongeza dozi wenyewe, au wanaonunua vidonge vya uzazi wa mpango dukani na kumeza kadhaa kwa siku. Hapo ndipo hatari ilipo. Vingi vya vidonge hivyo vina ethinilestradioli, ambayo huongeza uwezekano wa damu kuganda mishipani kuliko estradioli ya kawaida. Mwaka 1997 madaktari wa Amsterdam walichapisha taarifa ya wanawake 816 waliobadili jinsia, wengi wao wakitumia ethinilestradioli: visa vya damu kuganda vilikuwa takribani mara 20 ya vilivyotarajiwa. Miongozo ya leo haiipendekezi dawa hiyo. Isitoshe, dozi kubwa haiharakishi ukuaji wa matiti.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma, au upande mmoja wa mwili ukipooza, mgonjwa afike hospitali mara moja na aseme wazi kwamba anatumia homoni. Uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo. Mwenye umri mkubwa, au aliyewahi kuganda damu, hufaa zaidi estradioli ya kupitia ngozini.

Katika mwaka wa kwanza vipimo vya damu hufanyika kila miezi 3, kisha mara 1 au 2 kwa mwaka. Lengo la kawaida ni testosteroni chini ya nanogramu 50 kwa desilita, na estradioli kati ya pikogramu 100 na 200 kwa mililita. Anayetumia spironolaktoni apimwe potasiamu na figo; dawa hiyo pia huongeza mkojo na huweza kuleta kizunguzungu. Saiproteroni itumike kwa dozi ndogo, kwani dozi kubwa za muda mrefu zimehusishwa na uvimbe wa utando wa ubongo.

Dawa nyingine zote zitajwe kliniki. Rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa, hulifanya ini liondoe estradioli upesi. Mgonjwa asiache dawa za kifua kikuu wala za VVU kwa kuhofia homoni zake. Daktari ndiye wa kurekebisha dozi.

Hisia nazo huweza kupanda na kushuka katika miezi hiyo. Wengi hupata utulivu, lakini huzuni isiyoisha yahitaji msaada wa mapema.

Kwa mhudumu wa afya, la msingi ni kuuliza bila kukemea. Mgonjwa aliyewahi kufokewa huficha vidonge anavyomeza, na daktari asiyejua mgonjwa anameza nini anaweza kuuona mguu uliovimba na kudhani ni uchovu wa safari.