Goti Linapokwama: Gegedu Iliyochanika na Upasuaji Wake
Na Tabibu wa Zahanati, Mkoa wa Tanga

Mtu akifika zahanati anachechemea, mara nyingi huambiwa ameteguka, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani. Pengine ni kweli ameteguka tu. Lakini goti bovu laweza kumwondoa kijana katika kazi ya kukata mkonge, kukwea minazi au kuvuta jarife kwa miaka mingi. Kwa hiyo leo tulitazame goti.

Aliyepata kuchinja mbuzi na kumkata mguu penye kiungo amekiona kitu cheupe, kinachoteleza, kigumu lakini chenye kunyumbulika. Hicho ndicho gegedu. Katika goti la binadamu, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, mna gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo. Moja iko upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Kazi yake inafanana na ya ngata anayoweka mchukuzi kichwani: huutandaza uzito usikandamize mahali pamoja.

Gegedu huchanika mguu unapokuwa umekita ardhini na mwili ukageuka ghafla. Mchezaji wa mpira hugeuka kumkwepa mwenzake huku mguu umenasa katika nyasi. Mkata mkonge mwenye mzigo begani hutumbukia shimoni. Kwa watu wa umri mkubwa hata kuchuchumaa na kuinuka kwatosha, kwa sababu gegedu yao imekwisha kuwa dhaifu.

Dalili zake ni hizi. Mtu husikia kitu kimekatika ndani ya goti. Maumivu huwa kwenye mstari wa kiungo, upande mmoja. Uvimbe huja polepole, aghalabu baada ya saa kadhaa au kesho yake. Goti likivimba sana katika saa moja au mbili, yamkini ndani mna damu, na hapo hushukiwa kano iliyokatika au mfupa uliovunjika. Mgonjwa huyo asicheleweshwe. Baada ya siku kadhaa uvimbe waweza kupungua akadhani amepona, kumbe goti humlegea njiani au hukwama.

Kukwama huku nataka tukuelewe vizuri. Kipande cha gegedu kilichochanika hujikunja na kuingia kati ya mifupa, kama kijiti kinachozuia mlango usifungwe. Mgonjwa hawezi kuunyosha mguu mpaka mwisho. Si ukaidi wake wala si woga. Msimshike watu wawili mkauvuta mguu kwa nguvu, kwani mtaongeza madhara.

Katika siku mbili za kwanza mpumzishe, uinue mguu juu ya mto, na ufunge bendeji isiyobana sana. Barafu ikipatikana kwa wavuvi, izungushie kitambaa uiweke kwa dakika 15 au 20, mara kadhaa kwa siku. Isipopatikana, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi husaidia kidogo. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta siku hizo huzidisha uvimbe. Kuhusu kuchanja ngozi ya goti kwa wembe, sina maneno laini: vijidudu vikiingia ndani ya kiungo vyaweza kukiharibu katika siku chache tu. Goti lililovimba na kuwa la moto, pamoja na homa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Goti lililokwama lisikae miezi kijijini. Omba barua ya rufaa uende hospitali ya wilaya, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, mjini Tanga. Picha ya eksirei huonyesha mifupa tu, haionyeshi gegedu. Ukiambiwa picha ni safi, usidhani huna ugonjwa. Daktari wa mifupa hulipima goti kwa mikono, na pengine huhitaji picha ya MRI. Wengine hupelekwa KCMC, Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Hizo zote ni safari za zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo uliza gharama zote mapema, pamoja na za kurudi kuangaliwa.

Upasuaji wenyewe una historia yake. Mwaka 1883 daktari Thomas Annandale wa Edinburgh aliishona gegedu ya mchimba migodi. Baadaye ikawa desturi kuiondoa gegedu yote, mpaka daktari Mwingereza, Fairbank, alipoonyesha mwaka 1948 kuwa magoti ya namna hiyo huanza kuharibika. Mwaka 1962 Masaki Watanabe wa Tokyo alikata kipande kibovu tu akitumia chombo chembamba cha kutazamia ndani. Njia hiyo ndiyo itumikayo siku hizi: mgonjwa hupewa nusukaputi au sindano ya mgongoni, kisha hutobolewa matundu mawili au matatu madogo. Pembezoni mwa gegedu mna damu, hivyo mchaniko wa hapo waweza kushonwa ukaunga. Sehemu ya ndani haina damu, na aghalabu kipande chake hukatwa.

Je, kila mwenye gegedu iliyochanika apasuliwe? Hapana. Huko Finland, mwaka 2013, ilitolewa taarifa ya wagonjwa 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65 ambao gegedu zao zilichanika kwa uchakavu. Baadhi walikatwa kipande, wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza bila kuguswa gegedu. Baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa sawa. Basi mzee ambaye goti humuuma lakini halikwami asikimbilie kuuza ng'ombe. Aanze na mazoezi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito wa mwili ukizidi.

Sasa kupona. Aliyekatwa kipande hutembea kwa magongo siku chache, na wengi hurudi kwenye mchezo au kazi nzito baada ya wiki 4 hadi 6. Aliyeshonwa ana safari ndefu zaidi: magongo kwa wiki 4 hadi 6, na kuchuchumaa kwa miezi 4 au zaidi ni marufuku. Hapa ndipo wengi wa kwetu huharibu kazi ya daktari, maana choo chetu ni cha kuchuchumaa. Fundi seremala atoboe kiti cha zamani kiwekwe juu ya tundu. Mwenye kusali anaruhusiwa kusali ameketi kitini.

Zoezi la kwanza halihitaji chombo: lala chali, kaza msuli wa paja huku goti limenyooka, hesabu mpaka tano, legeza. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha inua mguu ulionyooka kiasi cha shubiri moja au mbili. Vidonda visilowe maji. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hata zahanati. Ukiona usaha, au shavu la mguu likivimba na kuuma, rudi hospitali siku hiyo. Pumzi ikibana, usingoje hata basi la asubuhi. Na mkwezi asirudi mnazini mpaka aweze kusimama kwa mguu ule peke yake, kuinama na kuinuka bila kushikilia kitu.