Inveta inavyopika wimbi la umeme kwa namba mbili

Anayenunua inveta Runzewe, mkoani Geita, huuliza wati na bei. Swali la wimbi ni nadra kuulizwa. Kwa taa na chaja ya simu si neno. Kwa friji ya dukani au mashine ya oksijeni ya zahanati, hilo ndilo swali.

Umeme wa gridi yetu ni volti 230, nao hupanda na kushuka taratibu mara 50 kwa sekunde. Inveta za bei nafuu zenyewe huruka: juu ghafla, sifuri, kisha upande wa pili, kama ngazi. Ndani ya ngazi hiyo mna mitikisiko mingine ya kasi zaidi, kama 250 na 350 kwa sekunde. Mota ya friji haina kazi nayo, hivyo inaishia kuwa joto na mngurumo.

Inveta zilizoandikwa "pure sine wave" kwenye boksi (zikiwa kweli ndizo, maana boksi laweza kudanganya) huanzia kwenye namba. Chipu ndogo hukokotoa wimbi, swichi zinafunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde kulifuata, kisha koili na kapasita zinalainisha.

Chipu nyingi husoma namba hizo kwenye jedwali lililohifadhiwa. Njia nyingine, inayonivutia zaidi, ni kichujio cha dijitali kinachokumbuka namba mbili tu. Chukua kalamu: anza na 0 na 1. Kila mara zidisha namba ya mwisho kwa 1.732, kisha toa iliyoitangulia. Utapata 1.73, 2, 1.73, 1, 0, halafu -1, -1.73, -2, na kurudi. Hatua 12, wimbi zima.

Usukani ni kile kizidishi. Kikiwa 1, wimbi linakamilika kwa hatua 6. Kadiri kinavyoikaribia 2, hatua zinaongezeka. Chipu inayotoa namba 10,000 kwa sekunde huhitaji 1.99901 ili ipate mitikisiko 50. Mvivu akikadiria na kuandika 2, anapata 0, 1, 2, 3, 4, namba zisizorudi tena.

Vichujio kadhaa vikijumlishwa, kila kimoja na kizidishi, ukubwa na mahali pake pa kuanzia, hukaribia umbo lolote linalojirudia. Hata mapigo ya moyo: fundi anaweza kuijaribu mashine ya ECG kwa mapigo ya kutengenezwa, kitanda kikiwa hakina mgonjwa.