Mwili ni hekalu: Paulo alikuwa akimwambia nani?

Karibu kila tunapogusa mambo ya ndoa na malezi hewani, ujumbe mfupi wa aina moja huingia kwenye simu ya studio. Maneno hutofautiana, swali ni lile lile: binti akipata mimba kabla ya ndoa anatengwa kanisani, mbona kijana aliyempa mimba Jumapili yupo kwenye kwaya?

Wasikilizaji wetu wa Masieda na kwingineko Mbulu na Hanang wanajua tunachosema. Katika sharika nyingi za Kilutheri hapa nchini, Mkristo aliyeanguka katika uasherati hashiriki Chakula cha Bwana mpaka atubu na kurudi kundini, mara nyingi mbele ya usharika wote. Kwa Wakatoliki njia ni kitubio, na hayo hubaki kati ya mtu na padri wake. Utaratibu wa kurudi kundini haukuwekwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Ila mimba inaonekana kwa macho, na baba wa mtoto asipotajwa hakuna anayemwona.

Andiko linalosomwa sana siku hizo ni Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 6, pale anaposema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mabinti huambiwa hilo tangu darasa la kipaimara. Sasa fungua Biblia yako uanzie mstari wa 12, usirukie wa 19.

Korintho ulikuwa mji wa biashara huko Ugiriki, wenye bandari mbili, mabaharia na wageni wa kila namna. Baadhi ya waumini walikuwa wakijitetea kwamba tamaa ya mwili ni kama njaa: tumbo likitaka chakula unalipa, basi na mwili vivyo hivyo. Paulo anawakatalia. Na mfano anaoutoa ni wa mtu anayekwenda kwa kahaba na kujiunga naye. Yaani wanaokemewa kwanza hapo ni wanaume, tena wanaume wa kanisani. Neno la hekalu linakuja mistari michache tu baadaye, likiwa ni sehemu ya mazungumzo yale yale.

Rudi nyuma hadi sura ya 5 utakuta jambo lingine. Mwanamume mmoja alikuwa akiishi na mke wa baba yake, na Paulo akaagiza mwanamume huyo aondolewe kati yao. Kuhusu adhabu ya mwanamke hakuagiza lolote. Torati nayo, katika Walawi 20:10, inawataja wazinzi wote wawili, ingawa wale waliomleta mwanamke mbele ya Yesu katika Yohana sura ya 8 walifika na mmoja tu. Wa pili alikwenda wapi? Wahubiri wachache hulisimamia swali hilo.

Kuna jambo tunalipenda zaidi katika sura hiyo ya 6, na ni nadra kulisikia likifafanuliwa. Paulo anamalizia kwa kusema waumini wamenunuliwa kwa bei, kwa hiyo wamtukuze Mungu katika miili yao. Sura ya 7 inaonyesha kwamba ndani ya kanisa lile walikuwamo watumwa. Mtumwa wa dola ya Kirumi hakuwa na sauti juu ya mwili wake, bwana wake aliweza kuutumia apendavyo. Mtu wa namna hiyo anasikia kwamba mwili wake ni wa Mungu, una heshima, na siku moja utafufuliwa. Hakuambiwa kwamba ni mchafu. Sisi tunaona hapo ndipo mafundisho mengi ya vijana yanapopinda: yanaanza na uchafu, wakati Paulo anaanza na thamani.

Kwetu uchafu huo una historia. Wazee wa Kiiraqw wanaijua metimani, hali ya unajisi iliyomfanya mtu atengwe na majirani. Binti aliyebeba mimba bila kuolewa aliondolewa nyumbani kwao asije akajifungulia hapo na kuleta balaa. Injili ilipofika ilikuja na neno lingine kabisa, lakini tunaamini katika nyumba nyingi ilimwagwa kwenye chombo kile kile cha zamani. Ndiyo maana hata leo familia ya Kikristo inaweza kumwondoa binti usiku na kusema inalinda utakatifu.

Lipo pia jambo la umri, na hapa hatutapunguza sauti. Aliye chini ya miaka 18 akiingiliwa na mwanamume asiye mumewe, sheria ya Tanzania inaita ubakaji, hata kama ilisemekana aliridhia. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kwa hiyo mtoto wa darasa la saba kusimamishwa mbele ya usharika atubu ni kumtubisha aliyetendewa. Na wazee wakikubaliana ng'ombe watolewe yaishe, hawajamaliza kitu kisheria. Binti mwenyewe, tangu Novemba 2021, anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Kwa watu wazima, wazee wa kanisa wanaweza kuanza na swali dogo kabla ya kumtenga yeyote: mwenzake ni nani, na ameitwa? Kama ni muumini wa usharika huo huo, waitwe wote wawili siku moja. Kama ni wa usharika mwingine, mchungaji wake anaweza kujulishwa. Binti asilazimishwe kutaja jina mbele ya watu. Aulizwe faraghani, akiwa na mama au shangazi anayemwamini.

Ukijua mtoto aliyefanyiwa ukatili, piga 116. Ni bure, hata kama simu yako haina salio.