Gazeti la Kila Siku na Safari ya Kwenda Mbulu

Ndugu msomaji, wewe uishiye mjini umezoea kulipata gazeti asubuhi. Unalinunua kituoni uendapo kazini, unalisoma wakati wa mapumziko, na jioni unalifikisha nyumbani ili mama na watoto nao walisome. Lakini je, umepata kujiuliza gazeti hilo hilo huwa limechakaa kiasi gani linapofika Mbulu au Katesh? Ukitaka kuijua historia ya gazeti la kila siku nchini mwetu, usiishie kwenye mtambo wa uchapaji Dar es Salaam. Lifuate gazeti hadi mwisho wa safari yake.

Wilaya za Mbulu na Hanang zimo katika Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002. Kabla ya hapo zilikuwa za Mkoa wa Arusha. Kwa miaka mingi wananchi wake wameyategemea magazeti ya kila siku yatokayo mbali, na hasa Dar es Salaam. Kwa hiyo historia ya magazeti hayo ni historia yao pia, ingawa hayakuchapwa kwao.

Karatasi ndogo ya ukombozi

Chama cha TANU hakikuanza na mtambo mkubwa. Mwaka 1957 kilikuwa na Sauti ya TANU, kijarida kilichotolewa kwa mashine ya kurudufu. Udogo wake haukuwafanya wakoloni wakidharau. Mwaka 1958 makala moja ilimfikisha Mwalimu Nyerere mahakamani kwa shitaka la kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili. Alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa, na mapambano yakaendelea. Mwaka 1959 likazaliwa Ngurumo, gazeti la Kiswahili la kila siku lililomilikiwa na watu binafsi, ambalo liliendelea kusomwa hadi mwaka 1976.

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ile ile nchi yetu ilipojitawala, lilianza gazeti la Chama, Uhuru. Mwanzoni lilitoka mara moja kwa juma. Mwaka 1964 likawa la kila siku. Mwaka huo huo Chama kilianzisha The Nationalist kwa lugha ya Kiingereza, na mwaka 1972 likafuata Mzalendo, gazeti la Jumapili.

Kiti kimoja cha Mbulu

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea, yafaa tukumbuke jambo moja lililotokea Mbulu. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 vilikuwapo viti 71, na TANU ikavitwaa 70. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Herman Elias Sarwatt, aliyekuwa mwana-TANU, alisimama kama mgombea binafsi akamshinda mgombea rasmi wa Chama. Alipoingia Bungeni alikaa upande wa TANU. Watu wa Mbulu hawakuukataa uhuru; walikuwa na neno lao juu ya nani awasemee. Hilo ni fundisho kwa kila gazeti linalotumwa huko kutoka mji mkubwa: wasomaji wake nao wana la kusema.

Lugha, kusoma na njia

Gazeti la Kiswahili lilipopanda kwenda Mbulu lilikutana na vizuizi vitatu. Cha kwanza kilikuwa lugha. Wairaqw husema lugha ya jamii ya Kikushi, na Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, husema lugha ya jamii ya Kiniloti. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya Kibantu. Mtoto wa Pwani hulikuta gazeti likisema lugha ya mama yake. Mtoto wa Dongobesh au Basotu huanza kwanza kujifunza Kiswahili, na mara nyingi ni shuleni.

Cha pili kilikuwa kutojua kusoma. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kwa juhudi za elimu ya watu wazima, idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia mwaka 1986 ilikuwa imebaki kama asilimia 10. Katika miaka hiyo nakala moja haikuwa ya mtu mmoja. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti, na lililokuwa gumu likafafanuliwa kwa lugha ya nyumbani.

Cha tatu kilikuwa njia. Mji wa Mbulu uko juu, nyuma ya ukingo wa Bonde la Ufa, na masika hayamhurumii dereva. Habari iliyoitwa ya leo mjini ilikuwa ya juzi ilipofika huko.

Habari zinazorudi

Hata hivyo, kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa cha upande wa pili: neno la Hanang kufika mjini. Kuanzia karibu mwaka 1970, mashamba ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu chini ya Shirika la Chakula na Kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Baadaye yalifikia kama ekari 100,000. Mkate wa mjini ulihitaji ngano, lakini nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mfugaji asiyejua kusoma Kiswahili angeliandikiaje gazeti barua kueleza shida yake? Gazeti likitaka kuwa la wananchi wote, lazima limfuate mtu kama huyo na kumsikiliza.

Siku hizi simu imefupisha njia. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh, picha zilisambaa nchini kabla mtambo wowote haujachapa neno. Lakini mbio peke yake si habari. Mwezi Agosti 2021 Uhuru lenyewe lilifungiwa siku 14 na serikali, kwa habari iliyodai kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa na nia ya kugombea mwaka 2025. Mwaka huo ulipofika, aligombea. Kazi iliyobakia kwa gazeti ni ile ile ya zamani: kuhakikisha jambo, kulieleza kwa utulivu, na kurudi kuuliza waathirika wanaishije baada ya wapiga picha kuondoka.

Basi, ndugu msomaji, uendapo likizo nyumbani Mbulu, Hanang au kwingineko, usibebe sukari na khanga tu. Beba na magazeti, uwasomee wazee wasioweza kujisomea. Na utakaporudi mjini, rudi na habari zao: barabara, maji, malisho, shule. Ziandike, uzilete kwa mhariri. Gazeti la kila siku linawafaa wakulima na wafugaji wa huko pale tu wanapoliona limebeba na maneno yao.