Seva zisizo na kazi zinavyokula faida ya msafirishaji

Kampuni inayouza programu ya kufuatilia vifurushi ikikua, bili ya seva inazokodi kwenye intaneti hukua nayo. Wateja wa Dar es Salaam hulipa kwa shilingi, ilhali bili huja kwa dola. Shilingi ikishuka, faida huyeyuka.

Hatua ya kwanza ni kuzima. Usiku pikipiki hupumzika, lakini seva za majaribio huachwa zikiwaka hadi asubuhi huku gharama ikihesabiwa. Pili, kumbukumbu za safari za zamani zihamishiwe kwenye hifadhi ya bei nafuu.

Mkataba ufuate mwishoni. Amazon hupunguza bei hadi asilimia 72 kwa anayejifunga mwaka 1 au 3, lakini anayesaini kabla ya kupima matumizi hujifunga kulipia asichohitaji.